Alama za Majemadari

Kazi ya mwalimu ina mambo mengi, walakini watu hututambua zaidi kwa jambo moja: sisi ndio tutoao alama. Mtoto husoma mwaka mzima, nasi mwisho wa mwaka twampa namba, na namba ile humtangulia kila aendako kama mjumbe. Kwa hiyo wanafunzi wetu wa historia hapa Sirari walipotujia na kazi mpya ya kutoa alama, kazi yenyewe haikutushangaza. Waliotushangaza ni wale watakaopewa. Walikuwa majemadari wa vita, na karibu wote wamekwisha kufa zamani. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, maana tumeona ndani yake mambo yanayomhusu hata mtu ambaye hatashika dadu maisha yake yote.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe. Kila mtu ajua bao na drafti. Katika bao kete zote ni sawa. Hakuna kete yenye akili na nyingine isiyo na akili, akili yote ni ya mchezaji. Huko Ulaya wako watu ambao tangu zamani walitaka ubao wa mchezo ufanane na vita vya kweli. Mwaka 1824 afisa mmoja kijana wa Prussia, jina lake von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wa jeshi mchezo unaochezwa juu ya ramani, dadu ikishika mahali pa bahati. Wakubwa wakaupenda, ukatumika kuwafundishia maofisa. Baadaye michezo ya namna hiyo ikatoka jeshini ikaingia majumbani, na vita vinavyopendwa sana na watengenezaji wake ni vile vya Napoleon, mfalme wa Wafaransa, aliyeitikisa Ulaya hata aliposhindwa pale Waterloo tarehe 18 Juni 1815.

Katika mchezo mmoja mashuhuri wa vita hivyo, uitwao Empires in Arms, uliotolewa Australia mwaka 1983, kila jemadari ana kipande chake cha karatasi ngumu, na juu yake pana namba tatu. Ya kwanza ni ya werevu wake wa kupanga safari za majeshi, ya pili ni ya ustadi wake siku ya mapigano, na ya tatu ni ya wingi wa majeshi awezayo kuyaongoza kwa pamoja. Tena iko herufi ya ukubwa wa cheo, maana majemadari wawili wakikutana mahali pamoja, mwenye cheo kikubwa ndiye atakayeamuru, hata kama mdogo wake ana akili kumzidi. Msomaji aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa hatahitaji kuelezwa zaidi neno hilo.

Wanafunzi wetu waliposikia habari za mchezo huo, walitaka kutengeneza wao, na vita walivyovichagua ni vile vya mwaka 1914 mpaka 1918 katika nchi yetu hii. Ramani waliichora nyuma ya boksi lililokunjuliwa, na vizibo vya soda vikawa majeshi.

Hawakuvichagua vita hivyo bure. Mpaka upitao hapa Sirari, ututengao na ndugu zetu wa Isebania, ndio uliokuwa mpaka wa Wadachi na Waingereza. Ulikatwa katika mapatano ya mwaka 1886, mstari ulionyooka toka ziwani kuelekea Kilimanjaro, na waliouchora hawakumwuliza Mkuria hata mmoja. Basi vita vilipotokea Ulaya, mtu na ndugu yake wakajikuta chini ya bendera mbili zinazopigana. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wadachi likavuka na kufika Kisii. Wakapigana na Waingereza tarehe 12, na jioni pande zote mbili zikarudi nyuma. Watu wa Kisii wakaingia mjini wakachukua mali iliyoachwa, nao baadaye wakaadhibiwa vikali. Wanafunzi wakatuuliza: katika mapigano ambayo wote wawili walirudi nyuma, jemadari yupi apewe alama nzuri? Hatukuwajibu siku ile. Tulitaka wajue kwanza alama ni kitu gani.

Lakini kabla ya kuendelea twapaswa kutaja neno la mzazi mmoja, kwa kuwa lina uzito. Alikuja kwetu akasema, "Mwalimu, hapa Tarime watoto wamekwisha kusikia mayowe ya vita vya koo na koo. Wengine wamewaona baba zao wakichukua upinde na mishale. Nanyi sasa mwawafanyia vita kuwa mchezo?" Aliyasema hayo kwa upole, wala hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi. Tulimwomba atupe muda, kazi ikiisha aje aone mwenyewe. Neno lake lilikaa nasi muda wote, nasi tutalirudia.

Sasa tuje kwenye alama. Siku ya kwanza wanafunzi walitaka kumpa kila jemadari namba moja tu, toka 1 hata 5, kama vile huyu ni mzuri na huyu ni mbaya. Tukawapa mifano ya wakati wa Napoleon, nao wakaona wenyewe kwamba namba moja haitoshi.

Tuliwapa Berthier. Mtu huyu alikuwa mnadhimu mkuu wa Napoleon tangu mwaka 1796 mpaka 1814. Amri ya bwana wake aliigeuza kuwa barua zilizo wazi, zikafika kwa wakati, na majeshi yakaenda kama maji katika mfereji. Lakini mwezi wa Aprili 1809 aliachiwa jeshi kwa muda kule Bavaria, Napoleon akiwa hajafika, na majeshi yakachanganyikiwa hata bwana mwenyewe alipokuja kuyatengeneza. Je, mtu huyu ni 5 au ni 1? Ni 5 akiwa wa pili, na ni 1 akiwa wa kwanza.

Tukawapa Davout, ambaye tarehe 14 Oktoba 1806, pale Auerstedt, alikuwa na watu wapatao 27,000, akalishinda jeshi la Prussia lililomzidi zaidi ya mara mbili. Tukawapa Grouchy, aliyetumwa mwaka 1815 na watu wapatao 33,000 awafuate Waprussia. Alisikia mizinga ikilia upande wa Waterloo, naye akaendelea kuishika amri aliyopewa. Wengine humlaumu kwa kuwa hakuifuata sauti ya mizinga, wengine husema mtumishi aliyeshika amri hana kosa. Tukawapa na Kutuzov, mzee wa Warusi, ambaye mwaka 1812 aliuacha mji wa Moscow uchukuliwe ili jeshi lake libaki hai. Napoleon aliingia Urusi na watu wapatao 600,000, na waliorudi walikuwa sehemu ndogo tu. Ukimpima Kutuzov kwa siku moja ya mapigano, hatapata alama kubwa. Ukimpima kwa mwaka mzima, wachache watamfikia.

Baada ya mifano hiyo wanafunzi wakakubaliana namba nne: Kupanga, Kupigana, Kulisha, na Wingi, yaani kombania ngapi aweza kuziongoza bila kuchanganyikiwa. Cheo kikaandikwa pembeni. Hiyo namba ya Kulisha haimo katika mchezo ule wa Australia kama tulivyoueleza. Waliiongeza wao, nayo ndiyo iliyokuja kugeuza mchezo wote.

Wakaanza na Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika pale na watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Jemadari wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekuja nchini mwezi wa Januari mwaka ule ule, naye alikusanya watu wapatao 1,000 tu. Aitken hakupeleleza vizuri, wala hakutaka msaada wa askari wa King's African Rifles walioijua nchi. Mapigano yakawa katika mashamba na vichaka, risasi zikapiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na nyuki wakawashambulia watu. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Aitken hakupewa tena jeshi la kuongoza vitani.

Kanuni ya mchezo ilikuwa hivi: kila upande hutupa dadu moja, huongeza namba ya Kupigana ya jemadari wake, na upande wenye watu wengi mno huongeza 3. Wanafunzi walimpa Lettow-Vorbeck 5 na Aitken 1. Basi Mwingereza ana dadu yake na 4, Mdachi ana dadu yake na 5. Dadu mbili zaweza kuanguka kwa njia 36, na katika hizo Mwingereza hushinda kwa njia 10 tu. Tukawaambia wampe Aitken 3 badala ya 1, wahesabu tena. Wakaona sasa Mwingereza hushinda kwa njia 21. Namba mbili ndogo zilizoandikwa kwa kalamu juu ya kizibo zimegeuza vita. Wakanyamaza kidogo, kwa kuwa waliona kwamba mwenye kalamu ndiye aliyekuwa akishinda Tanga, wala si dadu.

Hapo msichana mmoja akauliza swali lililotupendeza kuliko yote. Alisema, "Mwalimu, huyu Aitken tunampa 1 kwa mapigano ya siku chache. Nasi tukipewa alama ya maisha kwa mtihani wa siku moja, twaona ni haki?" Mvulana mwingine akaongeza kwamba askari wale wa Aitken walikuwa wamekaa siku nyingi baharini, na wengi wao hawakuwa wamefundishwa vizuri. Wakigawiwa namba ndogo kwa ajili ya uchovu, kisha jemadari wao akapewa namba ndogo kwa kuwa walishindwa, si wameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja? Neno hilo ni kweli kabisa, na mtu apimaye watu asipolijua ataharibu kazi. Ushindi wa jemadari umo ndani yake ustadi wake, na mafunzo ya watu wake, na ardhi, na makosa ya adui, na nyuki pia. Ukimpa yeye vyote, umewaibia wengine. Ukimnyima vyote, umemwibia yeye. Ndiyo maana wazee husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wakapata shauri jema. Vizibo vya majemadari viwekwe kifudifudi. Mchezaji hataijua namba ya jemadari wake mpaka siku ya mapigano ya kwanza. Maana ndivyo ilivyo katika vita vya kweli: waliomtuma Aitken hawakuwa wakisema, "Tumtume mtu wa 1." Walimtuma kwa cheo chake na miaka yake kazini. Sisi tumjuao leo twahukumu tukiwa tumekwisha kuona mwisho, na hekima ya namna hiyo ni rahisi mno.

Kisha wakamjia Smuts, aliyekuja kuyaongoza majeshi ya Waingereza mwezi wa Februari 1916. Wakampa Kupanga 4, kwa kuwa aliwazunguka Wadachi mara kwa mara, na mpaka mwisho wa mwaka alikuwa amekwisha kuzichukua reli zote mbili, ya Tanga na ya kati. Lakini ilipofika namba ya Kulisha, wakasoma habari za jeshi lake: mvua za mwezi wa Aprili zilizowakuta askari wa van Deventer pale Kondoa, farasi waliokufa kwa wingi, na maelfu ya askari waliorudishwa kwao Afrika Kusini wakiwa na malaria na kuhara. Wakamwandikia 1. Aliondoka mwezi wa Januari 1917, na vita vikaendelea karibu miaka miwili baada yake.

Aliyemfuata aliitwa Hoskins. Twadhani wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo. Alikaa miezi michache tu. Kazi yake ilikuwa kuwapumzisha wagonjwa, kuongeza askari Waafrika wa King's African Rifles, kutafuta wapagazi na motokaa, na kutengeneza njia za chakula. Mwezi wa Mei 1917 akaondolewa, na van Deventer akaja kuvitumia vile vilivyotengenezwa. Wanafunzi wakamwandikia Hoskins Kulisha 5. Na mahali pa Kupigana wakaacha wazi, maana uongozi wake uliisha kabla hajapewa nafasi ya kulijaribu jeshi alilolitengeneza. Kizibo hicho chenye nafasi tupu twakipenda kuliko vyote. Mara ngapi mtu hutengeneza shamba, na mwingine akaja siku ya mavuno akasifiwa!

Mchezo ulikuwa umefika hapo, na kila kitu kilionekana kuwa kizuri, alipopita shuleni mzee mmoja wa kijiji jirani. Mzee huyu hupenda kuketi na watoto. Akaitazama ramani, akaonyeshwa vizibo, kizibo kwa kizibo, na mwisho akasema, "Vema, wanangu. Nimewaona wakubwa wote. Babu yangu alichukuliwa katika vita hivyo kubeba mizigo, akaenda njia ya kusini, hakurudi. Kizibo chake ki wapi?"

Hapana aliyejibu, kwa kuwa kizibo hakikuwapo.

Basi siku iliyofuata tukaacha majemadari, tukafanya hesabu ya mpagazi. Tuseme mtu amebeba kilo 25 za unga, naye hula kilo moja kwa siku. Aenda mwendo wa siku 10, amekula kilo 10. Hana budi kubakiza kilo 10 za kurudia. Kwa hiyo atawaachia askari kilo 5 tu. Sasa tuseme kuna askari 100, nao hula kilo moja kila mtu kwa siku. Kila siku inapasa wafike wapagazi 20. Na kwa kuwa kila mpagazi hutumia siku 20 kwenda na kurudi, lazima wawepo njiani watu 400, ili askari 100 wale. Hapo hatujahesabu risasi, wala mahema, wala mpagazi aliyeanguka. Wanafunzi waliihesabu mara mbili wakidhani wamekosea.

Ndipo wakaelewa habari walizozisoma vitabuni bila kuzitia moyoni: kwamba Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao 1,000,000 katika vita vile, na waliokufa hukadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi zetu. Na Kariokor ya Nairobi vivyo hivyo. Wadachi nao walichukua watu na vyakula vijijini, wala hawakuacha hesabu nzuri ya waliokufa. Na katika Ugogo, baada ya majeshi yote mawili kupita na kula, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, toka mwaka 1917 mpaka 1920.

Wanafunzi wakabadili kanuni. Sasa kila upande una vizibo vingi vyeupe vya wapagazi, na kila jeshi likisonga mbele, baadhi huondolewa ubaoni. Jemadari mwenye Kulisha 5 hupoteza wachache, mwenye 1 hupoteza wengi. Kijiji ambacho jeshi limekula chakula chake hupigwa alama, wala hakilishi tena mwaka ule. Na mwisho wa mchezo ushindi huhesabiwa hivi: miji uliyoichukua, ukitoa wapagazi uliowapoteza, ukitoa vijiji ulivyovimaliza.

Zamani, kwa hesabu ya kwanza, mchezaji wa Lettow-Vorbeck alishinda karibu kila mara. Na hata vitabu humsifu hivyo, kwa haki yake. Pale Mahiwa, mwezi wa Oktoba 1917, alimtia adui hasara ya watu wapatao 2,700. Alivuka mto Ruvuma mwezi uliofuata, akazunguka Msumbiji, akarudi, akaweka silaha chini pale Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha wiki mbili kabla. Mwaka 1919 alipokelewa Berlin kama mshindi. Lakini kwa hesabu mpya, aliyecheza upande wake alitazama vizibo vyeupe vilivyoondolewa, na vijiji vyenye alama, akasema, "Nimeshinda nini?" Mwenzake wa upande wa Waingereza alikuwa na lundo la vizibo vyeupe kubwa kuliko lake, naye hakucheka. Methali ya tembo wawili na nyasi waliijua tangu utoto. Siku ile waliona nyasi zikihesabiwa.

Likabaki neno moja. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini vizibo vyote vya majemadari vina majina ya Wazungu, na hali walioshika bunduki wengi walikuwa Waafrika. Swali lilikuwa la haki. Katika majeshi yale Mwafrika aliweza kuwa ombasha, au shaushi, au sajenti; aliweza kuokoa kombania nzima kwa akili yake; lakini hakupewa jeshi, na asiyepewa jeshi hawezi kuandikiwa namba. Nafasi tupu ya kizibo chake haisemi kwamba hakuwa na uwezo. Yasema hakuulizwa.

Tukawapa mfano wa mkoa wetu wenyewe. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia King's African Rifles mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida. Mtu angetengeneza mchezo wa majemadari mwaka 1945, Musuguri asingekuwa na kizibo. Lakini Idi Amin alipoivamia nchi yetu mwaka 1978, mtu yuyo huyo, akiwa Meja Jenerali, ndiye aliyekuja kuiongoza Divisheni ya 20, na majeshi yetu yakaingia Kampala mwezi wa Aprili 1979. Kisha akawa Mkuu wa Majeshi toka mwaka 1980 mpaka 1988, akafariki mwezi wa Oktoba 2024 akiwa amepita miaka mia. Pale Lukaya, tarehe 10 Machi 1979, brigedi yetu ya 201, yenye vijana wengi wasiopata kuona vita, ilitawanyika mbele ya Walibya na mizinga yao. Usiku ule Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa ikizunguka kwa njia ya mbali, ikageuka, na alfajiri ikampiga adui ubavuni; na wale waliotawanyika jana yake wakakusanywa, wakasonga tena mbele. Wanafunzi wakauliza wapewe namba gani watu hao. Tukawaambia waandike wenyewe, ila kila namba waitolee sababu mbele ya wenzao. Wakabishana mpaka kengele ya jioni, wala hapana aliyemtukana mwenzake.

Sasa twarudi kwa yule mzazi. Alikuja kama tulivyopatana, akaketi, akacheza upande mmoja. Alipoondolewa vizibo vyeupe vya kwanza aliuliza ni nini, akaelezwa. Akaendelea kimya. Mwisho akatuambia, "Mwalimu, mimi niliogopa mtawafundisha kupenda vita. Naona mwawafundisha kuhesabu." Sisi hatusemi kwamba mchezo wa vizibo utazima ugomvi wa mashamba na ng'ombe, hayo yana wazee wake na serikali yake. Lakini kijana aliyezoea kuuliza nani atabeba mzigo, na nani atakula nini, kabla ya kumsifu anayepiga yowe la kwanza, huyo twadhani hatakimbia upesi kuchukua upinde.

Nasi walimu wenzetu, na wazazi, tuna faida yetu katika jambo hili. Wasomaji wa Biblia wakumbuka jinsi wanawake wa Israeli walivyomwimbia Daudi hesabu kubwa kuliko ya Sauli, na chuki iliyozaliwa siku ile. Namba iliyotolewa mbele ya watu si kitu chepesi. Kwa hiyo tumpapo mtoto alama, tujiulize maneno manne. Tumempima kwa kazi ipi, maana mtu aweza kuwa Berthier? Tumempima mara ngapi, maana mtu aweza kuwa Aitken wa siku moja? Nani aliyembebea mzigo hata akafaulu, mama yupi aliyechoma mkaa, dada yupi aliyeacha shule? Na yule tuliyemwachia nafasi tupu, je, tumepata kumpa jeshi la kuongoza?

Kuhusu mapigano ya Kisii, wanafunzi walikubaliana kuwapa majemadari wote wawili Kupigana 2. Pembeni mwa ramani wameandika kwamba jioni ile waliobaki na hasara ni watu wa Kisii. Boksi lenyewe liko katika kabati la darasa, pamoja na vizibo vyake, na msomaji atakayepita Sirari akapenda kucheza, aulize shuleni, atapewa dadu.